Silikoni imekataa kuganda pale inapogusa nobu, na resini inafura kama mandazi. Nakosea wapi?

fundi_redio_kibuye:

Wadau hamjambo. Mimi ni fundi wa redio na amplifaya hapa Kisumu, kibanda changu hakiko mbali na soko la Kibuye, na leo nimekuja kuomba msaada juu pesa imeisha na bado sijaona mwangaza.

Iko hivi. Watu wa kanisa na wa matanga huniletea amplifaya za zamani, zile nzito zenye transfoma kubwa, ndani bado ziko imara lakini nobu za voliumu zimevunjika ama zilipotea kitambo, unapata mtu anazungusha shafti na plaisi. Nobu mpya ziko madukani lakini hazifanani na zile zingine, na mteja mwenye nobu nne safi anataka ya tano ifanane na wenzake, na mimi namwelewa kabisa. Nikaona kwa simu watu wanamwagia kitu silikoni, inaganda, wanakitoa, wanamimina resini kwa lile shimo na inatoka kitu kile kile mpaka ile mistari midogo ya pembeni. Nikasema hii ni kazi yangu.

Nikanunua kilo moja ya silikoni, ile ya chupa mbili, A na B, unachanganya nusu kwa nusu. Nobu yangu ya mfano ilikuwa imemeguka ukingo kwa hivyo nikaijazia na plastasini ya mtoto wangu wa shule, nikailainisha vizuri, nikaibandika juu ya kipande cha tailsi, nikazungushia paipu ya PVC, nikavaa glavu zile nyeupe za hospitali, nikachanganya, nikamimina. Asubuhi yake nje ilikuwa safi, ngumu kama soli ya patipati. Kutoa nobu sasa, pale pote ilipogusana na silikoni ni ute mtupu, unanata, unavutika kama mrenda. Na ile iliyobaki kwa kikombe iliganda vizuri sana, hicho ndio kitu sielewi. Nikadhani B ilikuwa kidogo, mara ya pili nikaongeza B, ikawa vile vile. Karibu nusu kilo imeenda.

Mara ya tatu nikachukua nobu nzima isiyo na plastasini, bila glavu, moldi ikatoka poa sana. Furaha yangu haikufika jioni. Kuna jamaa alikuwa anafunga karakana akaniuzia chupa mbili za resini ya poliurethani, kila moja imebaki nusu. Nikapima sawa kwa sawa, nikakoroga na kijiti cha aiskrimu, nikamimina. Dakika chache tu ikaanza kupanda, ikatoka nje ya moldi, ikafura kama mandazi kwa mafuta. Nikaikata na msumeno, ndani ni matundu matupu kama sponji ya kuoshea vyombo.

Nikahamia epoksi, ile watu wanamimina kwa meza. Hiyo ilitoka na mapovu machache na inang'aa, lakini nobu niliyoweka kwa amplifaya ya kanisa moja ilirudi imelegea, walikuwa na mkutano wa injili nje juani mchana kutwa, shimo limepanuka, nobu inazunguka bure. Na kuna mama jirani anauza chakula ameniomba nimtengenezee nobu ya jiko lake la gesi, hiyo bado sijagusa.

Kwa hivyo nauliza, kwa nini silikoni ikatae pale tu, kwa nini ile resini inafura, na lile shimo la shafti ya D, ile iliyokatwa upande mmoja kama herufi D, nilifanye vipi lishike. Msinifiche kitu, hii kazi naitaka.


mama_epoksi_nakuru:

Pole fundi. La kwanza umejijibu mwenyewe uliposema ya kikombe iliganda. Kama shida ingekuwa vipimo basi hata ya kikombe ingebaki uji, juu ni mchanganyiko mmoja. Ukiona imeganda kila mahali isipokuwa pale ilipogusa mfano, ujue mfano ndio umeizuia.

Silikoni za nusu kwa nusu mara nyingi ni zile zinazogandishwa na platinamu. Platinamu iko ndani kidogo sana, na adui yake mkubwa ni salfa. Plastasini nyingi za watoto ziko na salfa. Na zile glavu zako nyeupe kama ni za lateksi pia ziko nayo, mpira wa lateksi huivishwa kwa salfa ndio ukaze, kwa hivyo kila mahali ulipopapasa nobu na zile glavu ulikuwa unaipaka sumu ya platinamu na macho hayaoni kitu. Ndio maana uligusa kwa mkono mtupu ikakubali. Kuongeza B hakusaidii, unaongeza chakula na mpishi ameshakufa. Kwanza unaharibu uwiano.

Mimi nilipoteza moldi ya trei kubwa hivo hivo, trei ya kubebea chai, na nilikuwa nimekopa pesa ya silikoni. Nilikaa chini nikalia kidogo alafu nikaanza kusoma. Kwa hivyo nakuandikia yale yote ningependa mtu angeniambia siku ile.

Glavu nunua za nitraili, zile za bluu ama nyeusi. Plastasini tafuta isiyo na salfa, ama achana nayo kabisa, ule ukingo ujazie na bodi fila ya magari, uache ikauke vizuri, upige msasa, alafu unyunyizie koti mbili tatu za rangi ya kopo ya akriliki isiyo na rangi, ikauke mpaka harufu iishe. Na usiamini koti peke yake. Kila mfano mpya, chukua tone la silikoni uliyochanganya uweke mahali pa siri, nyuma ya nobu, ungoje. Ikiganda na kubanduka safi ndio umwage yote. Hiyo tone imeniokoa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwa hii kazi.

Ama nunua silikoni ya bati, yaani inayogandishwa na bati badala ya platinamu. Hiyo haijali salfa, na bei yake huwa chini. Ubaya wake inapungua kidogo ikikaa na moldi haidumu miaka mingi, inaanza kukauka na kuraruka, lakini kwa nobu ni sawa kabisa. Ila hiyo huwa si nusu kwa nusu, kikatalisti chake, ile dawa ya kuigandisha, huwa kidogo sana, unapima kwa uzito, na mizani ya jikoni inayoruka gramu tano tano haifai, tafuta ile ndogo ya dijitali.

Kitu ingine, umesema nusu kilo kwa nobu mbili, hiyo ni nyingi mno. Paipu yako ni pana. Acha nafasi ya sentimita moja tu pembeni na juu. Kujua utachanganya kiasi gani, weka nobu ndani ya paipu, jaza mchele ama ndengu mpaka kimo unachotaka, alafu mwaga ile ndengu kwa kikombe uweke alama. Usitumie maji, yatabaki kwa mistari ya nobu. Na zile moldi zilizoharibika usitupe, kata upande mgumu vipande vipande kama nyama ya mshikaki, uvipange pembeni mbali na nobu, umimine silikoni mpya juu yake. Silikoni mpya hushika ile iliyoganda, kwa hivyo unapunguza gharama. Ule ute ndio ukwangue wote utupe.

Hiyo tabia yake ya kujishika pia uikumbuke siku utafanya moldi ya vipande viwili. Usipopaka vaselini nyembamba kati ya nusu ya kwanza na ya pili utapata jiwe moja na nobu yako imezikwa humo.


faiba_wa_ziwa:

Omera mbona unajitesa na vitu vya bei. Sisi tunaotengeneza boti huku Dunga tunatumia resini ya poliesta, ile ya faiba, hadena (dawa ya kuigandisha) matone machache, asilimia moja au mbili hivi, jua la Kisumu linamaliza kazi. Inakuwa ngumu kama mfupa na hiyo jua ya mkutano haitailegeza haraka kama epoksi ya meza.


mama_epoksi_nakuru:

Ndugu yangu wa ziwa sikatai, lakini mwambie na upande wa pili. Poliesta hupungua sana ikiganda kuliko epoksi, kwa nobu inayotakiwa kulingana na zingine nne ataona tofauti, na ikiwa nene hupasuka. Stairini, ule umajimaji wenye harufu ulio ndani yake, inakula moldi ya silikoni pole pole. Na harufu, huyu mtu yuko kwa kibanda sokoni, amezungukwa na watu wanauza samaki na nguo.


faiba_wa_ziwa:

Hapo kwa harufu umenishinda, sisi tuko uwanjani kwa upepo. Basi niongeze moja ya maana. Fundi ukiwahi kutumia poliesta, ile hadena yake ikiingia jicho inaweza kukupofusha, vaa miwani kila siku, hata kama ni matone mawili. Na kama resini yako inakuja na kobalti kando, ile ya zambarau ya kuharakisha kuganda, usiwahi kuchanganya hadena na kobalti zenyewe kwa zenyewe, zinawaka na zinalipuka. Kobalti inaingia kwa resini kwanza, unakoroga mpaka iishe, ndio hadena ifuate. Nimeona kijana mgeni akizishika mbili pamoja juu ya kopo moja nikampigia kelele mpaka leo ananikumbuka.


mwalimu_kemia_kakamega:

Nimeipenda hii mada. Wacha nichukue hilo swali la mandazi juu hapo ndipo nalala na kuamka.

Poliurethani ni ndugu wawili, upande mmoja ni polioli na upande wa pili ni isosayaneti. Isosayaneti anapenda kumshika polioli, lakini akikutana na maji anamshika maji pia, na hapo inatoka gesi ya kaboni dioksaidi. Hiyo gesi ndiyo inayofurisha. Kiwanda cha godoro hufanya hivyo kwa makusudi, wanaongeza maji kidogo kwa mchanganyiko ndio povu lipande. Wewe fundi umetengeneza godoro gumu.

Na maji yenyewe hayahitaji kuwa mengi. Nimewahi kuwapigia wanafunzi hesabu ubaoni: gramu 18 za maji zinatoa gramu 44 za hiyo gesi. Kwa hivyo gramu moja tu ya maji, matone kama ishirini hivi, inatoa gesi zaidi ya lita moja. Nobu yako ni ujazo wa kijiko. Sasa fikiria maji yaliyokuwa kwa kile kijiti cha aiskrimu, mbao siku zote ina unyevu ndani hata ukiishika unaona kavu. Fikiria chupa zilizobaki nusu, hewa ya pembeni mwa ziwa imeingia humo kila alipofungua yule jamaa, na polioli hunyonya unyevu wa hewa kama chumvi ya mawe wakati wa mvua.

Angalia ile chupa ya isosayaneti kwa mwanga. Ukiona ngozi nyeupe juu ama chembechembe zimeganda kwa mdomo wa chupa, imeshaanza kuliwa na unyevu. Hiyo usiitumie kwa kitu cha kuuza. Na nisikilize hapa: chupa iliyoingiwa na maji usiifunge ukakaza kifuniko, gesi inaendelea kujaa ndani na chupa inaweza kupasuka. Iweke nje pahali watoto hawafiki kifuniko kikiwa kimelegea.

Ukinunua mpya, nunua ndogo utakayoimaliza haraka, funga mara tu umemimina, usiache wazi ukiongea na mteja. Koroga na kijiti cha plastiki ama chuma, kikombe cha plastiki kikavu, na kazi hiyo usiifanye siku mvua inanyesha ama asubuhi ukungu ukiwa bado umelala. Moldi yenyewe iweke juani nusu saa kwanza, ukiiosha jana bado iko na maji kwa pembe.

Jambo la afya sitalipitia haraka. Isosayaneti haina harufu kali ya kukutisha, na hapo ndipo watu huumia. Inaweza kuufanya mwili uikatae, kifua kinabana kama cha pumu, na mwili ukishafika hapo hata mvuke kidogo wa baadaye unakurudishia, unaiacha hiyo kazi kabisa. Barakoa ya kitambaa si kitu. Vaa ile ya mpira yenye vichungi vya mvuke, fungua pande zote za kibanda, na mtoto anayekuletea chakula angoje nje.


fundi_redio_kibuye:

Mwalimu na dada wa Nakuru Mungu awabariki, nimesoma mara tatu. Nimeenda kuangalia ile chupa sasa hivi na tochi, iko na ngozi nyeupe juu kama maziwa yaliyochemka yakapoa. Kwa hivyo hiyo niiage.

Nitarudi kwa epoksi. Sasa mapovu, jirani yangu wa pancha ako na kompresa na mimi nina presha kuka ya zamani ya mke wangu, nimeona kwa simu wakiweka moldi ndani ya tangi la presha na mapovu yanapotea. Nikitoboa kifuniko niweke vali si itafanya?


mama_epoksi_nakuru:

HAPANA fundi. Tafadhali usifanye hivyo. Presha kuka ya nyumbani imetengenezwa kwa presha ya kama psi 15, na hao unaowaona kwa simu wanaweka 40 mpaka 60 kwa tangi lililopimwa kwa kazi hiyo, lenye vali ya kuachilia na bolti za kukaza kifuniko pande zote. Kompresa ya pancha haijui kusimama hapo kwa 15, ukisahau kidogo kile kifuniko kinaruka na kiko usawa wa uso wako.

Kwa nobu hauhitaji presha. Mapovu ya epoksi mengi unayatia wewe mwenyewe ukikoroga kwa haraka kama unapiga mayai. Koroga pole pole, dakika tatu hivi, ukikwangua pembe na chini ya kikombe, alafu hamisha yote kwa kikombe kipya na ukoroge tena kidogo, juu ile iliyoshika ukuta wa kikombe cha kwanza mara nyingi haijachanganyika na ndiyo inaacha madoa yanayonata. Kisha chukua brashi ndogo ama kijiti cha masikio, paka resini kidogo ndani ya moldi, kwa kila mstari, uhakikishe imelowa, ndio umimine uzi mwembamba kutoka juu kwenye kona moja tu, iache ipande yenyewe ikisukuma hewa mbele yake.

Huku Nakuru tuko juu, kama mita 1,850, Julai kuna baridi na epoksi inakuwa nzito kama asali, kwa hivyo naweka chupa zangu zimefungwa kwa beseni ya maji ya uvuguvugu kwanza, nazipangusa kavu, ndio napima, na mapovu yanapanda yenyewe. Wewe huko chini kwa joto shida yako ni kinyume. Joto likiongezeka nyuzi kumi hivi, muda wa kufanya kazi unakatika karibu nusu. Usichanganye nyingi kwa kikombe kimoja, epoksi ikiwa nyingi pamoja inajipasha moto yenyewe, nimeona kikombe kikitoa moshi na kuyeyuka mkononi mwa msichana wangu wa kazi. Changanya ya nobu mbili tatu, mimina haraka, basi.

Sasa shimo la D. Usijaribu kulitoboa baadaye na drili, halitawahi kukaa katikati na nobu itayumba. Wewe ni fundi redio, kibandani kwako kuna voliumu zilizokufa tele. Kata shafti ya moja na msumeno wa chuma, iwe ndefu kidogo, ipige msasa wa maji mpaka ing'ae. Hakikisha ni saizi ya mashine yenyewe, nyingi ni milimita 6 lakini za zamani zingine ni robo inchi, yaani 6.35, na huo utofauti mdogo ndio unafanya nobu ilegee ama ikatae kuingia. Wakati unatengeneza moldi, nobu yako ya mfano iwe imevaa ile shafti, imesimama, ili silikoni iishike kwa chini. Ukitoa nobu, shafti inarudi kwa kitundu chake kwenye silikoni, inasimama katikati yenyewe kila mara. Kabla ya kumimina ipake nta ya mshumaa, ipashe joto kidogo uipanguse ibaki utando tu. Alafu usingoje mpaka kesho. Resini ikifika pale ukiibonyeza na kucha inaacha alama kama kwa sabuni ya kipande, ndio uivute shafti kwa plaisi, moja kwa moja, usizungushe, ni D hiyo.


mchongaji_tabaka:

Niwasalimu kutoka Kisii. Mimi ni wa mawe lakini nafanya resini pia kwa vitu vya watalii. Fundi, nobu ya zamani ni nzito mkononi na ni nyeusi isiyong'aa sana. Ya epoksi tupu inakuwa kama peremende. Chukua unga wa jiwe la sabuni, huku Tabaka tunautupa, chunga na kitambaa chembamba, uchanganye kwa epoksi pamoja na rangi nyeusi kidogo. Hilo jiwe ni talka ndani yake kwa wingi. Inaongeza uzito, resini inayohitajika inapungua, haijipashi moto sana, na ukipiga msasa inatoka laini. Anza na kidogo, mchanganyiko ukikataa kumwagika umezidisha.

Na unga mkavu kidogo pia ukiupaka ndani ya moldi kwa brashi kabla ya kumimina, ukapuliza uliobaki, resini inashuka kwa mistari bila kuacha mapovu kwa ncha. Msasa ni wa maji siku zote. Sisi tumekulia kwa lile vumbi, wazee wetu walikohoa, siku hizi kazi ya kulainisha tunafanya ndani ya beseni la maji.


mwalimu_kemia_kakamega:

Hilo la unga ni zuri sana. Ila huo unga fundi ukaange kwanza kwa sufuria kavu ya zamani isiyo ya chakula tena, kama unakaanga njugu, unyevu utoke, alafu uuweke kwa mkebe wenye kifuniko. Hata epoksi haipendi unga wenye maji.

Hiyo nobu iliyolegea kwa jua, jibu ni kwamba epoksi nyingi za meza huanza kulainika kwenye nyuzi 50 mpaka 60 hivi za Selsiasi. Kitu cheusi juani mchana kinafika huko bila shida. Soma karatasi ya bidhaa yako, kama inaruhusu, nobu zikishaganda siku nzima ziweke mahali pa joto kwa masaa kadhaa, hiyo inazikaza na kuinua ile nyuzi ya kulainika. Jambo bora zaidi, tengeneza shimo kubwa kidogo na uingize bushi, yaani kipande cha bomba fupi, ya shaba ama alumini yenye skrubu ya pembeni, kama nobu za chuma. Hapo kinachoshika shafti ni chuma, resini inabaki kuwa umbo tu.

Kuhusu mama wa chakula, usimtengenezee. Nobu nyingi za zamani za majiko na za redio zilikuwa Bakelite, plastiki ya Leo Baekeland ya mwaka 1907, na ilipendwa kwa sababu ikishaganda moto hauilainishi tena. Epoksi yako si hiyo. Nobu ya voliumu ikilegea muziki unabaki juu tu. Ya gesi ikilegea, mama anazungusha akidhani amezima, kumbe shafti haikuzunguka, na gesi inaendelea kutoka. Mwambie anunue ile ya kampuni ya jiko lake.


faiba_wa_ziwa:

Mwalimu amesema kweli hapo kwa gesi.

Na ile alama ya kampuni kwa uso wa nobu, fundi? Hiyo ukiikopi na jina lake ukaanza kuuza kwa wingi unaweza kuingia kwa shida, kuna sheria ya bidhaa ghushi ya 2008.


mama_epoksi_nakuru:

Ijaze na fila kabla ya moldi. Acha tu ule mstari mweupe wa kuonyesha voliumu iko wapi, ama bora zaidi uuache kama mfereji kwa nobu, baadaye unaujaza rangi nyeupe kwa sindano na kupangusa juu.


fundi_redio_kibuye:

Wadau nimerudi, ni kama wiki tatu sasa. Mnisamehe kunyamaza, nilisema sitaandika kabla sijakuwa na kitu mkononi.

Nilinunua nusu kilo ya silikoni ya bati na mizani ndogo. Ukingo nikaujaza na bodi fila, nikapiga msasa wa 400 alafu 800, nikanyunyizia. Jina la kampuni nikaliziba. Nikakata shafti ya voliumu iliyokufa, nikaivalisha nobu, nikatumia mkebe mdogo wa maziwa ya unga badala ya ile paipu pana, nikajaza ndengu, nikapima. Ilikuja gramu 90 tu. Mara ya kwanza nilikuwa namwaga zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Lile tone nililiweka nyuma ya nobu usiku, nikaamka saa kumi kuligusa. Lilibanduka safi, likaacha hata mkwaruzo wa msasa umeonekana juu yake. Hapo nikajua nimeelewa.

Nobu ya kwanza nilichelewa kuvuta shafti, mteja alikuja tukaongea, ikagandia humo na nikaivunja. Ya pili nikavuta mapema mno, shimo likajikunja. Ya tatu nikawa nagusa na kucha kila dakika kumi, ilipofika ile ya sabuni ya kipande nikavuta, ikatoka na sauti ndogo ya kupasuka kwa nta. Iliingia kwa shafti ya amplifaya kwa kusukuma na kidole gumba tu, haichezi hata kidogo. Hiyo bado haina bushi, ni ya amplifaya inayokaa ndani ya nyumba. Za mikutano ya nje nimeanza kuweka bushi za alumini, jamaa mmoja wa leithi hapa Kibuye ananichongea.

Mchongaji, nilipata unga kwa mtu anayeuza vinyago, nikaukaanga kama mwalimu alivyosema, nikaweka karibu theluthi ya uzito. Rangi imekuja ile nyeusi ya zamani kabisa, na nimezipanga zote tano kwa meza nikamwita mteja achague iliyo mpya. Alishika mbili tatu, akazigeuza nyuma, akaniuliza kama nimemchezea. Nilipomwonyesha aliikalia kimya kidogo, hiyo amplifaya ilikuwa ya baba yake.

Yule mama wa chakula nilimweleza kuhusu gesi, akaagiza nobu ya kampuni. Nilimfungia mwenyewe na sikumlipisha.

Swali lililobaki: nobu moja kati ya kila nne hivi bado inatoka na tundu dogo kama kichwa cha sindano pale mfereji wa alama unapoishia, mahali hapo hapo kila mara.


mama_epoksi_nakuru:

Umefanya vizuri sana fundi, nimefurahi mpaka nimewasomea wa hapa nyumbani. Tundu likiwa mahali pamoja kila mara ujue hewa inanaswa hapo, si mchanganyiko. Ukishapaka resini kwa brashi, bana moldi kidogo pale kwa vidole ule mfereji ufunguke, uachilie, ndio umimine. Ikikataa bado, inamisha moldi upande huo uwe juu kwa dakika mbili tatu kabla ya kuilaza.